Mzee Aroni Alipokuja Kukaa Nasi

Jumapili ile mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, upande wa Beni, kuniambia kakao imekauka vizuri na mbuzi amezaa mapacha. Mimi nilikuwa dukani Grant Street, hapa Buffalo, nachagua sombe, kisamvu chetu. Vita vilivyotukimbiza sisi watoto wake, yeye alikuwa amekataa kuvikimbia. Sasa amekubali kuja, shingo upande.

"Bon, nitakuja. Lakini nivune kwanza," alisema, tukacheka.

Aliyeshughulikia safari yake ni Mzee Aroni, kiongozi wa Wayahudi wa mtaani kwetu. Alianza kazi Louisville akifundisha watoto wa Kiyahudi, akaongoza sinagogi Columbus, karibu na chuo kikuu, na uzeeni akaja Buffalo, akawafungulia wakimbizi milango. Sisi alitupokea uwanja wa ndege, akabeba mabegi yetu mwenyewe. Baba yake alitoroka vita Ulaya akiwa kijana, akamwacha mama yake, bibi wa Aroni, huko, wasionane tena. Habari ya mama yangu, basi, aliishika kama yake. Hakuna ofisi ambayo hakubisha hodi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeketi ofisini kwake simu yangu ilipolia.

Mama alinong'ona.

"Neema, wamefika. Tuko mu mihogo."

"Uko na nani?"

"Usiite tena. Watasikia simu."

Ikakatika.

Kidole changu kilikuwa juu ya jina lake. Sikuthubutu kubonyeza.

Mzee Aroni alipiga Louisville, akapiga Columbus, akapiga kwa wakubwa wote aliowahi kufahamiana nao. Sauti yake ilipanda, kisha ikawa ya kubembeleza. Walimjibu kwa heshima. Hakuna aliyekuwa na askari wa kumtuma kwetu.

Mwishowe aliweka simu mezani, akafunika uso.

"Nimeongoza watu maisha yangu yote," alisema. "Na sina la kufanya."

Kesho yake jirani wa mama alipiga. Waasi walimkuta mama na wenzake mihogoni. Walizikwa pamoja, harakaharaka, maana waliobaki nao walikuwa wanakimbia.

Mzee Aroni alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango bila kunisalimu. Watu wa kanisa letu waliimba, wakaomba, wakaenda. Yeye kimya. Mume wangu aliudhika.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Kwetu, anayekuja msibani hasemi mpaka mfiwa aseme kwanza."

Alikaa hadi jioni, akaondoka. Kesho yake akarudi, akakaa vilevile.

Miaka imepita. Watu huniambia mama amepumzika, kwamba Mungu alikuwa na mpango wake. Mimi sijui. Ninalojua ni kwamba hakuna aliyeweza kumwokoa, si mimi wala Mzee Aroni, na kwamba katika wote waliokuja kunipa pole, ni yeye peke yake ambaye hakujaribu kunieleza kwa nini.