Draivu Iliyopinda ya Mjomba

Tulimzika mjomba wangu mwezi uliopita, Mungu amlaze pema, na bado najikuta nikicheka ninapomkumbuka. Alikuwa fundi wa kompyuta za zamani. Watu walimletea disketi zao kuukuu ili azinakili kabla hazijaharibika kabisa. Alisafisha kwa pamba na spiriti kichwa cha kusomea cha draivu, kile chombo kinachosoma disketi, kisha akanakili disketi nzima, hata sehemu tupu. Kabla ya hapo hakufungua faili lolote.

"Mgonjwa hahojiwi mlangoni," alisema. "Kwanza alazwe."

Siku moja mama, dada yake wa kuachiana ziwa, alimpelekea disketi yenye nyimbo alizoitungia kwaya ya kanisa. Karatasi za nyimbo hizo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Sauti alizikumbuka, lakini maneno yalikuwa yamempotea.

Mjomba alijaribu draivu zote alizokuwa nazo. Zilikwaruza, zikakataa.

"Si utumie ya kompyuta yangu niliyokupa? Ndiyo niliyoziandikia."

"Nimeitumia, dada. Nayo haisomi."

"Mbona kwangu ilisoma?"

Mjomba akavua miwani. "Kwako kichwa chake kilikuwa kimekaa upande. Uliponipa, nikakinyoosha."

"Nani alikutuma?"

"Mkono tu."

"Mkono wako huo. Tangu utotoni huwezi kuona kitu kimetulia ukakiacha."

Hapo mjomba akatikisa kichwa, akacheka. Disketi iliandikwa na draivu iliyopinda, basi ilitaka draivu iliyopinda vilevile. Akashika bisibisi, akaanza kuiharibu kazi yake mwenyewe kidogokidogo, huku mama akiomba na kumsuta kwa pumzi moja.

"Bwana, mwongoze mtumishi wako. Si huko, wewe, umepitiliza."

"Dada, unaongea na nani sasa?"

"Na wote wawili."

Mkwaruzo ukakoma. Draivu ikaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na nakala ikaenda hadi mwisho. Mjomba alipofungua faili, mama alisoma mstari wa kwanza, wa pili akauimba. Mjomba akaingiza besi palepale, bisibisi bado mkononi.

Wimbo huohuo tuliuimba kaburini kwake. Mama aliongoza, na penye besi tukanyamaza kidogo, tukamwachia nafasi yake.

Kompyuta iko kwangu sasa. Juzi alikuja fundi mwingine, akaona kile kichwa, akataka kukinyoosha. Mama alimnyang'anya bisibisi mkononi.

"Kiache hivyohivyo, mwanangu," akamwambia. "Aliyekipinda alijua."