Mwanamke Aliyefua Juu ya Paa, Al Thumama

Najua utasema nilikuwa nimechoka, au joto la Doha lilinipanda kichwani. Wengi wameshasema hivyo na nimeacha kubishana nao. Lakini niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa yaya Al Thumama, mtaa mmoja wa Doha, kwa familia moja kutoka Slovenia. Mwanangu Idrisa, wa miaka mitatu, nilimwacha Tanga kwa mama yangu, nikaja kulea mtoto wa watu. Alfajiri moja nilipanda juu ya paa kuanika nguo za mtoto. Nikamkuta mwanamke amechuchumaa kwenye beseni, anafua nepi za kitambaa. Mlango wa paa niliufungua mimi mwenyewe kwa ufunguo, sasa yeye alipitia wapi? Nguo zake zilichuruzika maji, ananuka bahari.

"Umemwacha nani?" akaniuliza, hata salamu hakuna.

Nikamwambia. Niamini, hadi leo sijui tuliongea lugha gani.

"Mimi wangu nilimwacha anaumwa," akasema. "Mtu alinikuta ufukweni nafua, akaniambia panda chombo, mtoto wa malkia anataka mtu wa kumnyonyesha. Nikapanda."

Jua likachomoza. Akalikazia macho bila kupepesa, akaliuliza kama unavyomuuliza jirani, "Mwanangu anaendeleaje?" Mimi sikusikia jibu. Yeye alisikia, maana alijiinamia akalia. Na mimi, badala ya kukimbia, nikamwomba aniulizie wangu.

Akasikiliza kidogo. "Anaungua. Nenda kwake leo."

Nikageuka kutoa simu mfukoni. Nilipotazama tena, hayupo. Sakafu ilikuwa imelowa.

Nikampigia mama. "Idrisa hajambo," akasema, "amelala."

Nilipomsimulia madamu, mama wa mtoto niliyemlea, alikaa chini. Akasema huyo anamjua. Kwao mabibi wamekuwa wakimsimulia tangu zamani, na bibi yake alimsimulia yeye: mwanamke aliyevushwa bahari, akawa kila siku analiuliza jua habari za mtoto wake, mpaka likamjibu kwamba amekufa. Siku ile ile madamu akanikatia tiketi.

Unadhani niliondoka? Enzi hizo hutoki Qatar bila ruhusa ya kafili, yaani mdhamini wako. Wangu alikuwa mwenye ofisi iliyonileta, kule Al Rayyan, na pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa humo. Nikaenda, wakaniambia bukra, njoo kesho. Nikarudi, bosi amesafiri. Nikarudi tena, karani wao, Mkenya, akaniambia kwa upole, "Dada, hapa hakuna mtu anaachiliwa aende home juu ya ndoto. Leta barua ya daktari." Barua ipi, wakati mama yangu mwenyewe alikuwa anasema mtoto hajambo? Tiketi ikapita.

Nilipofika Tanga hatimaye, mkataba ulipoisha, Idrisa alikuwa amepona, au ndivyo walivyoita kupona. Homa ya uti wa mgongo ilimshika asubuhi ile ile, mama akanificha nisihangaike. Nilisimama mlangoni nikamwita. Hakugeuka.

Leo ni kijana, hasikii kitu, na hunicheka ninavyokosea ishara za mikono. Mama yangu tulishasameheana. Kinachoniuma ni kwamba niliambiwa mapema, na kuambiwa hakukunifaa chochote.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kulea watoto wa watu, ukimkuta huyo mwanamke anafua, shuka upesi. Usimuulize habari za mwanao, labda kama pasipoti yako unayo mkononi.