Mkaguzi Asiyetoka Ofisini

Kwa miaka kumi na tisa Eduviges Paternina aliuguza wagonjwa wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya mji wa Sincelejo, na hakuwahi kumwona Daktari Rómulo Arrieta akiinama kutazama kitanda. Rómulo ndiye aliyekuwa mkuu wa ubora na usalama. Cheo kirefu, miguu mizito. Alitakiwa kupita wodini kila asubuhi, akague vitanda, dawa na mabomba, kisha ajaze fomu. Fomu alizijaza, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Wodini ndiko alikokuwa hafiki.

Chuma cha ubavuni mwa kitanda namba tisa kilikuwa kimelegea tangu Februari. Eduviges alikifunga kwa bandeji, akaripoti mara tatu.

"Sista, wewe nawe kwa kulalamika! Mbona fomu inasema ni kizima?"

"Basi kamlaze mgonjwa kwenye fomu, daktari."

Rómulo akacheka, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumanne moja mzee Teófilo Canchila, mfumaji wa vitanda vya bembea, alishika chuma kile ajiinue. Kikachomoka. Akaanguka sakafuni, nyonga ikavunjika.

"Si mlisema hapa kuna usalama?" binti yake alilia.

Eduviges akaenda kutafuta fomu ya siku hiyo. Ofisini kwa Rómulo hakukuwa na mtu. Fomu aliiona: kitanda namba tisa, kizima. Chini yake ilikuwapo ya Jumatano. Kisha ya Alhamisi, ya Ijumaa, hadi Jumapili, zote zimetiwa vema na sahihi. Siku zenyewe hazijazaliwa, wagonjwa wake tayari wamelala salama! Alilibeba rundo zima hadi kwa mkurugenzi, Doña Nubia Sampayo, wala hakubisha hodi.

Doña Nubia alizisoma zote. "Huyu ni mkaguzi," akauliza, "au mpiga ramli?"

Hata hivyo alimpa onyo tu, maana bwana yule alikuwa na shemeji mkubwa serikalini. Ila mwezi uliofuata vikaja vishikwambi. Kila kitanda kilibandikwa kibandiko chake chenye msimbo; mkaguzi akisome kwa kishikwambi, apige picha, na saa ijiandike yenyewe. Ubovu ukionekana, taarifa inaruka moja kwa moja kwa mafundi.

Rómulo akajiona mjanja. Alivitoa nakala vibandiko vyote, akavisomesha akiwa kitini. Kwenye kikao cha wauguzi, Doña Nubia akafungua taarifa ukutani: vitanda thelathini na viwili, dakika tatu.

"Daktari," Eduviges akasema, "vitanda vyote hivyo, na kila picha ina kikombe kilekile cha kahawa?"

Wauguzi walicheka mpaka machozi. Safari hii hata shemeji alikaa kimya. Rómulo alihamishiwa stoo ya makaratasi ya zamani, akakabidhiwa fomu zake mwenyewe azipangepange.

Eduviges akapewa ukaguzi. Chuma cha kitanda namba tisa kilitengenezwa kwa siku mbili.

Jumapili alikwenda kwa mzee Teófilo, akamkuta na mkongojo wake, akamweleza yote bila kumficha.

"Kwa hiyo, mwanangu, ilibidi kwanza nivunjike mimi?"

"Ndiyo, mzee," Eduviges akajibu, akainamisha kichwa. "Nami naona aibu."