Jumapili Nne za Baba

Mafuta ya alizeti yana harufu nzito, ya mbegu zilizokaangwa na vumbi la juani, na mwaka ule harufu hiyo haikutoka jikoni kwetu bali chumbani kwa baba. Kila Jumamosi jioni alikaa kwenye kigoda, akamimina mafuta kidogo kwenye kitambaa, akasugua kibao chake cha kupigia mpira wa kriketi, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Mama alinung'unika kwamba mafuta ya mboga yanaliwa na ubao. Baba alicheka tu. Tulikaa Singida mjini, mtaa usio mbali na ziwa. Nilikuwa na miaka kumi, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kupigapiga mabati ya nyumba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani kwa duka la vitambaa la Mzee Karimu, Mhindi aliyezaliwa palepale mjini na kukijua Kinyaturu kuliko baadhi ya majirani zetu. Hiyo ndiyo miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Baada ya foleni na rafu tupu, vitambaa vilikuwa vimerudi dukani, majora kwa majora, na cherehani ya baba haikupoa. Wenye maduka walikuwa na timu yao ya kriketi iliyocheza Jumapili kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Baba aliwashonea suruali nyeupe na kuzitia viraka glavu zao. Mchezo wenyewe alikuwa ameujua kwa kuutazama tangu utotoni. Siku moja mchezaji wao mmoja aliamka na malaria, na wageni kutoka Dodoma walikuwa wameshafika. Mzee Karimu akaja hadi mlangoni kwetu. "Fundi, nakuomba. Simama tu, tutimie kumi na moja."

Katika kriketi mtu hupiga mpira mpaka udakwe, au umpite uangushe vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, ndipo atoke. Wengi hutoka upesi. Baba hakutoka. Warushaji wa Dodoma walishangaa mpira wao ukipindwa na upepo, lakini baba alikuwa ameuzoea upepo ule maisha yake yote. Alisubiri mpaka mpira ukaribie, kisha akaupiga chini chini, na vumbi likafuata nyuma yake. Akapita mikimbio hamsini, ndizo pointi za mchezo huo, na timu ikamwachia kibao. Jumapili ya pili walikuja wa Tabora, akapita mia. Ya tatu walikuja wa Arusha, akapita mia tena. Watu ambao hawakuwa wakijua kriketi ni nini walianza kujaa uwanjani: wauza kuku, madereva wa malori, akina mama na beseni zao za vitumbua. Walimwita jina moja tu, "Fundi! Fundi!", nami shuleni nilitembea kama binti wa mkuu wa mkoa. Baada ya mechi ya tatu mgeni mmoja alimwambia Mzee Karimu kwamba klabu yake ya Dar es Salaam ingempa baba nafasi, na kazi kwenye kiwanda cha nguo pia. Angekuja tena kumtazama Jumapili ya nne. Nyumbani sote tulifurahi isipokuwa mama. Ujauzito wake ulikuwa mkubwa, na alisema, akiwa anachambua mchele, "Ngoma ikivuma sana hupasuka."

Jumapili hiyo baba alipokuwa ameshaondoka, mama alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mama Hadija, jirani yetu, akanishika bega. "Kimbia kwa baba yako. Mwambie aje na gari, hali si nzuri." Nilikimbia bila viatu. Sikusimama pembeni, nilikatiza uwanja mpaka katikati, mchezo ukasimama, watu wakacheka. Nikamwambia baba kama nilivyotumwa. Mzee Karimu, aliyekuwa mpigaji mwenzake wakati huo, alitoa ufunguo mfukoni. "Fundi, nenda. Gari lile pale. Mchezo upo siku zote." Baba aliutazama ule ufunguo. Akamtazama mgeni wa Dar es Salaam aliyeketi chini ya mwavuli. Ilikuwa imebaki mikimbio michache afike mia. "Dakika kumi, Mzee," alisema. Kisha akaniinamia. "Mwambie mama nakuja."

Nilirudi na maneno hayo. Mama aliuliza, "Yuko wapi?" Nikasema, "Anakuja." Kutoka kwetu shangwe za uwanjani zilisikika vizuri, maana upepo ulizileta, na kila ziliposikika mama aligeuza uso mlangoni. Zile dakika kumi sijui zilikuwa ngapi. Shangwe kubwa kuliko zote ilipopigwa, nikajua baba amefika mia, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Gari lilipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa wa kiume. Alilia mara mbili, akanyamaza. Baba alisimama mlangoni na suruali yake nyeupe, glavu bado mkononi.

Hospitalini muuguzi alisema mtoto alikuwa mdogo mno, labda hata huko wasingemwokoa. Labda. Mgeni alingoja hadi Jumatatu. Baba hakwenda kumwona. Hakushika tena kibao. Wenzake walimfuata mara mbili, kisha wakaacha. Mwaka haukupita marobota ya mitumba yakajaa mnadani, watu wakaacha kushonesha, na Mzee Karimu akafunga duka, akahamia Dar es Salaam. Timu ikafa. Baba alipakia cherehani kwenye lori, tukarudi kijijini kwao Mungaa, kulima.

Mwaka jana nilikwenda kuwasalimia. Nikampa baba shikamoo, nikakaa naye uani, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kuhusu siku ile. "Mwanangu, siku zile niliuona mpira mkubwa kama boga," alisema. "Nilijua kitu kile kimenijia kwa muda tu, hakitarudi. Nikaona nisikiache. Sikufikiri kuhusu mtoto."

Siku hizi Singida nimeikuta na barabara za lami, na uwanja ule umejengwa nyumba. Kwa simu moja bodaboda inafika mlangoni. Ujumbe ule usingehitaji miguu yangu. Lakini sidhani kwamba ni ujumbe uliochelewa. Uwanjani nilifika mapema, nikasema nilichotumwa, nikasikiwa. Wazazi wangu bado wanaishi pamoja, wanakula sahani moja. Wageni wakiuliza wana watoto wangapi, mama husema watano. Baba hungoja amalize, halafu husema, kwa sauti ya chini, sita.