Nywele za Bi Fatima wa Mpapura

Isaya Mwambungu alizaliwa Ligula, mjini Mtwara, ingawa kwao ni Rungwe. Baba yake aliletwa bandarini na kazi ya ukarani, akazaa watoto watano, akastaafu, akarudi kwao kulima ndizi. Isaya akabaki. Mwaka 1994 alifungua studio ya picha katika mtaa wa Chikongola: chumba kimoja, pazia la bluu, benchi la mbao, na kamera ya filamu aliyoachiwa na mjomba wake. Filamu alizipeleka Dar es Salaam kwa basi zikasafishwe, na masika barabara ilipokatika, bwana harusi aliweza kuletewa picha zake mke akiwa na mimba ya miezi mitatu. Watu walicheka, wakasubiri. Studio zote za mji zilikuwa hivyohivyo.

Mwaka 2002 alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, pamoja na skana na printa. Mwenye kompyuta wa zamani alikuwa ameacha ndani yake Photoshop, programu ya kutengenezea picha. Isaya hakuwa na mwalimu. Alibonyeza kitu kimoja baada ya kingine, akiandika kwenye daftari kila alichokiona kinatokea. Mjane mmoja wa Naliendele alimletea picha pekee ya marehemu mumewe, amevaa fulana iliyochanika, ameshika jembe. Isaya alifanya kazi siku sita. Aliondoa jembe, akamvisha marehemu suti nyeusi na tai. Mjane aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema, "Sikuwahi kumwona hivi, lakini ndiye."

Tangu siku hiyo wakamwita Fundi, naye akalipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Jirani yake Hassani alikuwa na kafe ya intaneti mtaa wa pili, kompyuta saba na dishi juu ya bati. Jumamosi mchana wateja walikuwa wachache, basi Hassani akaanzisha utaratibu: wote wanaotumia programu za picha na michoro wakutane pale wasaidiane. Walikuja waandika mabango, mwalimu aliyetengeneza vyeti vya shule yake, na wapiga chapa wa duka la vifaa vya ofisini. Ukutani Hassani alibandika karatasi yenye sharti moja: anayejua aseme. Na aliyejua, karibu kila mara, alikuwa Isaya. Aliketi katikati, watu wakamzunguka, akawaonyesha namna ya kupanga picha katika leya, moja juu ya nyingine, na namna ya kufuta mikunjo ya karatasi kuukuu. Aliporudi nyumbani mkewe, Anna, alijua ni Jumamosi kwa jinsi alivyotembea.

Ines alikuja mwaka 2005. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, binti wa Dercio, mkulima wa mpunga wa karibu na mto Ruvuma ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita na hawakurudi. Mjini alifanya kazi ya kuchapa barua katika duka la vifaa vya ofisini. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akaamkia, "Shikamoo Kaka Isaya. Nimesikia wewe ndiye unayejua." Isaya akamsogezea kiti. Kwa miezi kadhaa hakuna mwanafunzi aliyempendeza kama huyo. Aliuliza maswali mafupi, akaondoka, na Jumamosi iliyofuata alirudi akiwa amekwisha jaribu kila alichoambiwa.

Halafu ikaja kadi.

Binti wa mkuu mmoja wa bandarini alikuwa anaolewa, na kadi ya mwaliko ilifika studio. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, na pembeni palichorwa tawi la mkorosho lenye maua. Anna aliishika akasema, "Jamani, hii nzuri. Uliitengeneza lini?" Isaya akasema hakuitengeneza yeye. Aliuliza mjini, akaambiwa ni Ines. Basi akaichukua kadi ile mpaka dirishani na kioo cha kukuzia, akaipekua herufi kwa herufi akitafuta kosa. Alilipata. Jina la kanisa lilikuwa limeachana kidogo na tarehe, nafasi ya upana wa njiti ya kiberiti. Mchana ule wote alikuwa na furaha. Jioni mteja mmoja akaiona kadi mezani akaisifu, na furaha yote ikaisha.

Kuanzia hapo akawa anamhesabia. Nani kampelekea Ines kazi. Nani kamsalimia kwanza Jumamosi. Mwandika mabango mmoja alipouliza swali akimtazama Ines badala yake, Isaya alijibu kwa sauti kubwa kabla Ines hajafungua mdomo. Mwenyewe alijisikia, akaona aibu, na Jumamosi iliyofuata akafanya vilevile.

Mwaka 2006 chama kimoja cha wakulima wa korosho kilitaka kalenda. Kila mwezi uwe na picha ya mkulima wa kweli wa kijiji fulani, akatwe kutoka pale alipopigwa picha, awekwe mbele ya shamba la mikorosho. Isaya na Ines, kila mmoja kwa upande wake, waliambiwa walete sampuli ya ukurasa mmoja, na wote wawili wakapewa picha ileile: Bi Fatima wa Mpapura, mama wa makamo, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Alikuwa ametoa mtandio, nywele zake nyingi hazikusukwa, upepo umezitimua.

Jumamosi moja Ines alikuja na sampuli yake ndani ya diski. Aliifungua mbele ya wote.

"Nimekwama kwenye nywele," alisema. "Nikizikata kwa kufuata ukingo, mama anaonekana kama amevaa kofia ya pikipiki. Nikizifuta mojamoja, naharibu. Kaka Isaya, hapa unafanyaje?"

Isaya alijua. Miezi minane nyuma tatizo hilohilo lilimshinda, naye aliingia katika mtandao mmoja wa Kiingereza ambako watu wa nchi mbalimbali walioitumia programu ile waliulizana na kujibiana. Aliandika swali lake kwa Kiingereza cha kuokoteza. Akajibiwa na mwanamke wa Kanada aliyejitambulisha kuwa ni bibi mwenye wajukuu sita. Bibi yule alimwelekeza kwa uvumilivu, hatua kwa hatua, kwa siku tatu. Jibu lote lilikuwa kichwani mwake. Lingemchukua dakika kumi kulieleza.

"Haiwezekani," alisema.

"Haiwezekani kabisa?"

"Kwa programu yetu hii, hapana. Wenzetu wana programu nyingine za ghali. Wewe mpunguzie tu nywele, zunguka kwa brashi, uzifanye laini. Au mchoree kilemba."

Hassani, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta ya tatu, aligeuka akamtazama, kisha akaendelea kufuta. Ines alifunga kazi yake. "Ahsante, Kaka," akasema. "Bora nimeuliza, ningepoteza muda."

Isaya alikwenda nyumbani akala vizuri. Anna akamuuliza kuna habari gani njema. Akasema hakuna. Kesho yake aliketi akatengeneza sampuli yake, na nywele za Bi Fatima zikatoka unywele kwa unywele, hata zile nyembamba za kwenye paji la uso. Alikuwa hajawahi kufanya kazi safi kama ile, lakini hakumwita mtu kuiona.

Jumamosi iliyofuata Ines alichelewa. Alipoingia hakusalimia mmojammoja kama kawaida yake. Aliweka diski kwenye kompyuta, akafungua ukurasa wake. Bi Fatima alikuwa amesimama mbele ya mikorosho, na kati ya nywele zake zilizotimuka majani ya kijani yalionekana, kama kwamba upepo uleule wa Mpapura ulikuwa ukipita shambani.

Watu walisogea. Hassani akauliza, "Si ilisemekana haiwezekani?"

"Inawezekana," Ines alisema, akaanza kuwaonyesha bila haraka. "Picha ina rangi tatu ndani yake, kila rangi ina chaneli yake. Unazifungua, unatafuta chaneli ambayo nywele ni nyeusi kuliko nyingine na ukuta ni mweupe kuliko nyingine. Unainakili. Unazidisha weusi na weupe mpaka kusibaki kijivu. Halafu unaiambia programu ichague ule weupe, unauondoa. Nywele zinajikata zenyewe."

Isaya aliyasikiliza maneno ya bibi wa Kanada, kwa mpangilio uleule, yakitoka katika kinywa cha Ines.

Mwalimu wa vyeti akauliza, "Nani kakufundisha haya?"

Ines akainua macho, akamtazama Isaya.

"Kaka Isaya," alisema.

Wote wakageuka. Mmoja akampiga Isaya begani, akasema Fundi ni Fundi tu, alikuwa anampima Ines. Isaya alikaa mpaka wengine wakaanza kuondoka, kisha akamfuata Ines nje, alipokuwa akifungua mnyororo wa baiskeli.

"Umeona wapi?"

"Huko ulikoona wewe," Ines alijibu. "Nilitafuta neno nywele kwa Kiingereza, na swali la kwanza lililotokea lina jina lako na la Mtwara. Nilifurahi kwanza. Nikasema, kumbe Kaka naye alihangaika kama mimi. Halafu nikaangalia tarehe."

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Sikusema uongo. Nimejifunza kwenye swali lako." Alikung'uta vumbi kwenye kiti cha baiskeli. "Siku nne, Kaka, nimekaa namfuta yule mama nywele kwa sababu wewe ulisema. Nilimfuta mpaka akafanana na mgonjwa. Ungeniambia tu kwamba hutaki kunifundisha, ningeelewa. Mle ndani ulimwandikia yule bibi kwamba utakwenda kuwafundisha wenzako. Nimesoma yote."

Akapanda baiskeli akaondoka.

Chama cha korosho kilichukua kalenda ya Ines. Waliosimamia walisema sampuli zote mbili zilikatwa vizuri, ila ya binti ilikuwa na uhai. Isaya angependa kusema kwamba aibu iliumaliza wivu wake. Haikuwa hivyo. Kalenda ilipotoka Januari, ikatundikwa katika maduka, zahanati na ofisi za kata, alibadilisha duka alilonunua sukari ili asiione. Alikuwa na aibu na alikuwa na wivu, na alishangaa kuona kifua kimoja kinabeba vyote viwili bila kimoja kukisukuma kingine.

Miezi miwili hakwenda kwa Hassani siku ya Jumamosi. Alikwenda Jumanne moja, akaketi kona, akaingia katika ule mtandao ili alifute swali lake. Haikuruhusiwa, yaliyoandikwa pale yalibaki. Chini ya shukrani zake akakuta ujumbe mpya wa bibi wa Kanada. Aliuliza: wanafunzi wako wa Mtwara wanaendeleaje? Nani kati yao ni hodari?

Isaya alikaa mbele ya maneno yale mpaka saa aliyolipia ikaisha na kompyuta ikajifunga.

Nyumbani alimweleza Anna yote. Anna alikuwa akichambua mchele. Hakumkemea. "Mimi nilijua tangu ile kadi," alisema. "Mtu haangalii kadi ya harusi kwa kioo cha kukuzia."

"Nifanyeje?"

"Waambie. Ulisema uongo mbele ya watu, sasa unataka kutubu kwa mke wako jikoni?"

Jumamosi iliyofuata alikwenda. Ines alikuwepo, na kile kiti cha katikati hakuna aliyekikalia. Isaya alisimama, akasema kwa sauti ambayo hakuizoea, "Ile njia ya nywele sikumfundisha Ines. Niliijua, nikamwambia haiwezekani. Nilimwonea wivu. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu na nilishindwa kuvumilia. Ines, nisamehe. Na ninyi mnisamehe."

Mwandika mabango alikohoa. Ines aliitazama kibodi akasema, "Nimekusikia, Kaka," lakini hakusema amesamehe, si siku ile. Hassani aliitazama safu ya kompyuta zake. "Kompyuta ya tano iko wazi," alisema. "Mwalimu anashindwa kuchapa vyeti, rangi zinatoka zambarau. Nani anajua?"

Isaya akaketi kompyuta ya tano.

Waliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Isaya na Ines hawakuwa marafiki. Walikuwa wenzi wa kazi waliojuana vizuri mno. Ines alipouliza kitu, Isaya alisita kidogo kabla ya kujibu, na kila mtu aliona kule kusita. Kisha alijibu, na jibu lilikuwa sahihi. Zipo siku yeye ndiye aliyeuliza, na hizo zilimwuma zaidi. Mara moja Ines alimweleza jambo, akaona uso wake, akasema taratibu, "Pole, Kaka. Najua unavyojisikia. Kuna msichana wa Lindi kwenye ule mtandao, kazi zake nikiziona silali." Isaya alicheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka naye tangu mambo yale.

Mwaka 2008 Ines alipata kazi ya kufundisha matumizi ya kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi, mbali na Mtwara. Siku ya kuondoka walimfanyia kijisherehe kwa Hassani, soda na sambusa. Isaya hakwenda. Alisema ana harusi ya kupiga picha Naliendele, na ilikuwa kweli, ingawa ilikwisha saa sita mchana. Alikaa studio amefunga mlango, akifuta lenzi ambazo zilikuwa safi.

Alasiri alichukua simu akaandika: Hongera mwalimu. Ungeniomba mimi kazi hiyo ningekwambia haiwezekani.

Jibu lilikuja wakati basi la Ines limekwisha vuka Mingoyo. Ines aliandika kwamba amecheka mpaka abiria wa pembeni kamgeukia, na kwamba anahitaji orodha ya mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mepesi kwa magumu, na hajui aanzie wapi.

Isaya aliweka lenzi chini, akavuta daftari lake la mwaka 2002, akaanza kumwandikia.