Kibao Kilichosogea Masara

Mwalimu Scovia wa fizikia, pale Masara kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa na neno lake analolirudia mpaka wanafunzi wakawa wanamtania nalo sokoni: kitu hakisogei bila kusukumwa au kuvutwa. Hata mumewe Oliver alipofukiwa shimoni akichimba dhahabu, na waokoaji wakashindwa kumtoa, neno hilo hakuliacha. Waluo wakimkosa maiti wao, huzika yago badala yake, lile tunda refu zito, ili marehemu apumzike. Mama mkwe wake, Jerusha, alilileta tunda mwenyewe, Scovia akakataa katakata.

"Mama, siwezi kulilia tunda. Oliver si tunda."

"Nyathina, mwanangu, basi hatapumzika," Jerusha akasema, akaliweka yago nyuma ya ghala. Majirani wakashika midomo. Mkaidi huyo, yawa!

Sasa sikiliza. Asubuhi moja, jua linawaka, Scovia alikuwa na kidato cha pili. Aliweka kibao cha mti juu ya meza. "Kimetulia, mnaona? Msuguano umekishika. Nisipoinua meza upande mmoja, hakiendi popote."

Kikaenda.

Kilitambaa polepole, hakuna aliyekigusa, kikafika ukingoni upande wa dirisha, kikaanguka. Darasa likacheka. Scovia naye akacheka, akaweka pimamaji, kile kipimo cha usawa, juu ya meza. Meza ilikuwa imeinama kidogo tu, na muhula uliopita ilikuwa sawa kabisa. Lakini mwinamo mdogo namna ile haushindi msuguano, hilo alilijua kama jina lake. Akatandika msasa, upande wa kukwaruza juu, akakirudisha kibao. Kikatambaa tena juu ya msasa, kikikwaruza, upande uleule. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo wakasikia kugonga. Sauti ilitoka chini ya sakafu. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Nani Masara asiyeujua mlio ule? Oliver alipofukiwa, watu walilala kifudifudi mdomoni mwa shimo wakimsikiliza akigonga mwamba kwa nyundo, hivyohivyo, mpaka akanyamaza. Linet, msichana wa dawati la mbele, akasimama. "Madam, ni yeye. Anakuita."

 Scovia aliogopa, tuseme ukweli, aliogopa sana. Tangu msiba alikuwa ameapa kwamba atakayetaja mizimu darasani mwake atatoka nje. Akiwatoa watoto sasa, Masara nzima itasema mwalimu kamkimbia mumewe. Akibaki, je? Kibao kinavutwa upande mmoja, meza imeinama, na wachimbaji hufuata dhahabu popote inapokwenda, hawaulizi juu kuna nyumba ya nani. Akapiga kisigino sakafuni. Pakalia kama debe tupu.

"Tokeni! Acheni mabegi! Bravin, wewe, achana na hiyo kalamu, toka!"

Walikuwa wangali wanakimbilia uwanjani sakafu ilipobonyea upande wa dirisha, ikazama na madawati na ukuta. Vumbi lilipotulia watoto wote walikuwa hai, wanalia, wanakumbatiana. Wachimbaji wakaja kuchungulia. Njia ya chini aliyokuwa akiichimba Oliver ilikuwa imepita chini ya darasa lile, wakasema, na tangu siku ya ajali hakuna aliyeingia humo. Yule mgongaji je? Mawe yanadondoka, mwalimu, mawe tu. Scovia akaitikia kwa kichwa. Mtetemo wa mawe unaweza kusogeza kibao, na yeye mwenyewe angeweza kulifafanua hilo ubaoni. Lakini mawe yalijifunza wapi kugonga vile?

Jioni hiyo alikwenda kwa Jerusha, akapiga magoti. "Mama, lile yago bado lipo?"

Lilikuwapo, limekauka. Alilibeba mwenyewe kifuani mpaka kwenye kaburi walilolichimbia uani, likazikwa, akamlilia Oliver kwa sauti, kilio alichokizuia muda wote ule.

Jumatatu walisomea kwenye hema uwanjani. Meza ileile, iliyoopolewa vifusini pamoja na kibao, pimamaji sawa, msasa hakuna. Scovia aliweka kibao, darasa zima likainama kutazama. Hakikusogea. Wanafunzi wakapiga makofi kwa furaha, wakisema Madam ameshinda.

Scovia hakuondoa macho kwenye kibao. Aliendelea kukisubiri kisogee, hata kidogo tu, mpaka kengele ikalia, na watoto wakatoka mmojammoja, kimyakimya, wakamwacha nacho.