Picha ya Bibi na Mamba

Kwaya yetu ya kijiji cha Kitanga ilipokwenda kutembelea bustani ya wanyama, kazi ya kupiga picha nilipewa mimi. Sababu ilikuwa simu yangu tu. Kamera yake ilizishinda za wenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga kinanda, na nilipenda sana kuchekesha watu.

Mkubwa wetu kwa umri alikuwa bibi mmoja mwimbaji wa sauti ya pili. Alikuja kutoka Burundi akiwa mtoto, akaolewa hapa, akapata uraia, na shamba lake la maharage linapakana na letu. Hatuna undugu wa damu, ila tangu utotoni nimemwita Bibi. Siku hiyo alivaa kitenge kipya. Nilimpiga picha na pundamilia, akaitazama, akasema amenenepa, akacheka mwenyewe.

Tulizunguka kwa simba, kwa nyani, tukafika penye bwawa lililozungushiwa wavu.

"Bibi, simama hapo, uupe wavu mgongo," nikamwambia.

Akasimama. Hakuwa ameona kilichomo. Nyuma yake mamba alikuwa amelala kwenye tope, na mimi nikanyamaza makusudi. Mara mnyama akajitosa majini kwa kishindo. Bibi akageuka.

"Ingona!" alipiga kelele kwa Kirundi, yaani mamba. Akakimbia, kitenge kikamfunguka kikabaki njiani, akaanguka kwenye majani akiwa na shimizi tu, mikono kichwani. Watu wakacheka. Mimi nikabonyeza, nikabonyeza tena.

Kabla hatujapanda gari nilishairusha picha kwenye kundi la kwaya: "Bibi kamwachia mamba kitenge." Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, na kicheko kikafuata. Yeye alikaa kiti cha mbele. Njia nzima tuliimba, yeye hakuimba.

Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Ya pili pia. Siku moja mama yangu, akimenya maharage, akaniuliza, "Ile picha uliipiga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua mdogo wake alikufaje?"

Sikujua. Akaniambia kwamba walipokuwa wanakimbia vita, walivuka mto Malagarasi kwa miguu, na Bibi ndiye aliyekuwa amemshika mkono mdogo wake. Mamba akamchukua mtoto. "Alinieleza mara moja tu," mama alisema, "tukiwa tunapalilia."

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta uani anaanika mihogo.

"Mwakeye, Bibi," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

Akaitikia, akaniletea kigoda. Nikabaki nimesimama.

"Bibi, nimekuja kukuomba msamaha. Ile picha nimeifuta."

"Umeifuta kwako."

"Ndiyo."

"Na kwa wengine?"

Picha ilishavuka kundi letu zamani. Binamu yangu wa Nyabibuye alikuwa amenitumia hata mimi, bila kujua imetoka wapi.

"Juzi sokoni Kasulu muuza chumvi kaniita Bibi Mamba," alisema. Hakupandisha sauti. "Uliniona nalia, mjukuu wangu, ukaendelea."

"Nilidhani unatania, Bibi."

Huo ulikuwa uongo. Machozi niliyaona. Ndani ya gari nilizipitia zile picha zote, nikazikuza, nikachagua ile ambayo mdomo wake ulikuwa wazi zaidi. Hilo sikumwambia siku ile, na hadi leo sijamwambia.

Aliniletea viazi vitamu na chai. Nikala, maana kukataa kungekuwa kosa lingine.

"Nimekusamehe," alisema nilipoinuka. "Ila kwaya sirudi. Wakinitazama wanaiona ile."

Kweli hakurudi. Nilisimama mbele ya wanakwaya nikawaomba wafute, wakafuta, wengine wakalia. Mwenyekiti akatuongoza kumfuata nyumbani mara mbili. Alitukaribisha sote vizuri, akatushukuru, akabaki na neno lake. Jumapili huketi benchi la nyuma, na nikiwa kwenye kinanda simsikii.

Nilipooa alikuja mapema, na mkungu wa ndizi kichwani, akapika na kina mama tangu asubuhi. Mpiga picha alipotupanga, nikaenda kumwita jikoni.

"Bibi, twende. Ukae karibu na mama."

"Nendeni tu," alisema, mikono ndani ya beseni. "Mimi nina vyombo."

Nje walikuwa wananiita. Nikaenda.